Supu ya Miaka Tisa

3 Februari

Mdogo wangu,

"Roho ya mtu haikai jikoni. Anayetetemeka ana lake linalomtetemesha, si alichokula." Hayo ni maneno yako. Uliyasema kwenye simu Jumapili, kisha ukakata. Ndiyo maana naandika. Simu unaweza kuikata, lakini karatasi utaisoma mpaka mwisho hata kwa hasira, maana nakujua: hujawahi kuacha sahani wala barua nusu.

Tuanze na kikombe cha kahawa. Kahawa ikifika kwenye ubongo hukalia kiti cha kemikali inayotuambia kwamba tumechoka. Mwenye kiti anakuja, anakuta mtu amekaa, anabaki mlangoni. Wewe unaita hali hiyo kuchangamka. Kwa mtu ambaye mwili wake ni mwepesi kuhisi, ni moyo kukimbia, viganja kulowa, na fikra kuanza kumtafuta adui. Zikimkosa zinamtunga. Sukari nayo hupanda haraka na kushuka haraka, na inaposhuka mwili humwaga homoni zile zile unazomwaga ukikutana na mbwa mkali kwenye kona. Sasa niambie roho inakaa wapi kama haikai jikoni.

Nimeandika safu ya afya ya wafanyakazi miaka kumi na minne. Nimebishana na wenye viwanda vya soda, na madaktari wanaotibu huku wakitazama saa. Sitashindwa na mpishi niliyembeba mgongoni.

Na hili si la ubishi wa kawaida. Binti yangu analala kwako, anakula kwenye kantini yako, na kreni anayojifunza kuendesha inaonekana kutoka dirisha lako la kuoshea vyombo. Tarehe kumi na tisa Januari aliomba kushushwa akiwa mita arobaini juu. Msimamizi wa jengo amempa nafasi moja tu: mtihani wa tarehe ishirini na sita Aprili, mbele ya mkaguzi wa bodi ya leseni. Akishindwa anarudi chini kufunga mizigo, na faili lake linafungwa. Miaka miwili ya mafunzo inakwenda na maji.

Kwa hiyo fanya hivi. Ondoa kahawa, soda, vinywaji vya kuchangamsha, sukari nyeupe na biskuti. Weka vyakula vinavyotuliza tumbo, maana tumbo na ubongo ni majirani wanaopeana habari mchana kutwa: mtindi, kabichi iliyochachushwa, jibini iliyokaa muda mrefu, mchicha, nyanya, na juu ya yote supu ya mifupa iliyochemka siku nzima. Ibandike orodha hii mahali utakapoiona.

Kaka yako


11 Februari

Kaka,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, upawa mkononi. Ulinibeba mgongoni mara moja, ukaniangusha. Alama ninayo mpaka leo, usijisifu.

Halafu nikupe habari. Binti yako hanywi kahawa. Hajawahi. Harufu yake inamchefua tangu mdogo. Soda hunywa kwenye sherehe, nusu chupa, nusu ananiachia. Ungemuuliza mwenyewe ungeokoa wino wa ukurasa mzima.

Nawe hukuwepo siku ile, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Ameinua mzigo wa nondo. Mtoa ishara wao, yule wanayemwita Kifupi kwa sababu ni mrefu kama ngazi, akasikia kwenye redio: "Nishusheni." Akamjibu, "Shusha nondo kwanza, mama, wewe utafuata." Alidhani ni mzaha. Binti akazishusha nondo zile polepole, zikatua bila kelele. Kifupi anasema hajaona mzigo ukiwekwa vizuri vile. Kisha binti akakaa dakika ishirini hawezi kuachia vishikio. Fundi mmoja akapanda kumfuata. Binti alipofika chini masikio yake yalikuwa ya moto kama vifuniko vya sufuria. Akaniambia, "Shangazi, sikuogopa urefu. Sikuogopa kitu. Hofu ilikuja yenyewe, haina hata jina."

Mimi nasema aliyemtia hofu ni wewe. Kila Jumapili unampigia: "Mwanangu, unaogopa?" Mtu akiulizwa swali hilo mara hamsini na mbili kwa mwaka, lazima atatafuta la kujibu.

Hata hivyo orodha yako nitaifuata, usije ukasema nilikataa. Nimeibandika kwenye mlango wa friji. Kuhusu supu ya mifupa, mimi sina la kuanza. Sufuria yangu kubwa haijazimwa miaka tisa. Jioni naongeza mifupa na maji, moto unabaki mdogo, asubuhi ipo. Wanaume mia tatu wamenyanyua majengo manne kwa supu hiyo, na hakuna aliyenifundisha upishi ila wewe, na wewe hujawahi kuionja.

Dada yako


27 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na Shangazi hajambo, anakusalimu ingawa anasema nisikwambie.

Orodha yako tunaifuata. Jibini ni ngumu kama sabuni ya kufulia lakini nimeizoea. Kabichi nakula kila mchana. Supu nakunywa mara mbili, kikombe kimoja saa nne kabla sijapanda na kingine saa saba. Shangazi anasimama mpaka niimalize.

Napanda. Juzi nilihamisha matangi mawili ya maji. Kila mtu anasema naendelea vizuri, na mimi naona naendelea vizuri. Usijali kuhusu mtihani.

Mwandiko usikushangaze, naandikia gotini.

Jumapili kantini inafungwa, tunakula nyumbani wali na mayai na ndizi mbivu, mimi na Shangazi tu. Siku hiyo naipenda kuliko zote.

Naendelea vizuri, Baba.

Binti yako


7 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua ya binti. Amesema mara tatu anaendelea vizuri. Sitaki kukusimanga, lakini wiki tatu za chakula kinachofaa zimefanya ambacho mahubiri yako ya roho yasingefanya kwa mwaka. Ndiyo, kuhusu kahawa nilikosea. Kuhusu mengine nimepatia, na mengine ndiyo makubwa.

Jana jambo hili limetoka kwenye safu yangu. Jina sikulitaja, wala jengo, wala mji. Nimesema tu mwanamke mmoja mwendesha kreni. Mhariri anasema barua za wasomaji zimeanza kuingia kabla ya saa sita mchana, na wengi wanauliza supu ichemke saa ngapi. Nimewajibu: kadiri ilivyo ya zamani ndivyo ilivyo dawa.

Zimebaki wiki saba. Mwongezee. Vikombe vitatu badala ya viwili, na jibini asubuhi pia. Askari hapunguziwi risasi adui akianza kurudi nyuma.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Leo sina utani.

Binti haendelei vizuri. Amekuwa akikuficha, na mimi nimemsaidia kukuficha, maana alinishika mkono akasema, "Shangazi, Baba atakuja." Tangu orodha yako ifike amepanda kreni mara nne tu. Siku nyingine anasimama chini ya ngazi, anaigusa, anarudi. Moyo unamkimbia mpaka unauona kwenye shati. Akinywa supu natazama saa: nusu saa, dakika arobaini, masikio yanawaka, pumzi inakuwa fupi, kisha inakuja hiyo hofu isiyo na jina. Alifikiri anapata wazimu. Alikuwa anaogopa kuniambia, na mimi nilipomwona vile nilifanya anachofanya mpishi. Nilimwongezea supu.

Jambo moja limenikalia kichwani. Jumapili haumwi. Jumapili nne mfululizo, hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu hakuna kreni siku hiyo. Lakini Jumatatu iliyopita mvua ilinyesha, kazi ikasimama, hakuna aliyepanda, na saa tano alikuwa ameinama juu ya beseni la kuoshea akihema. Kreni haikuwepo, kaka. Sufuria ilikuwepo.

Sasa gazeti lako. Kifupi alilileta kantini, akalibandika kwenye ubao wa matangazo kwa nia njema, eti kantini yetu imesifiwa. Waendesha kreni wanawake katika mji huu ni mmoja. Hukutaja jina kama vile mtu asivyotaja jina la jua. Walipomwona anaingia waligeuka wote, wanaume mia tatu, vijiko hewani. Mmoja akasema, "Pisheni, mgonjwa wetu apate supu." Wakacheka. Yeye naye akacheka, akala, akatoka. Nilimkuta stoo amekalia gunia la mchele, gazeti mkononi, analisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nimelitoa ubaoni. Lakini gazeti si moja.

Dada yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo.

Uliniita "mwanamke mmoja". Nimesoma ulichoandika baada ya hapo, na sirudii hapa.

Nimekwenda zahanati peke yangu. Daktari ni mama wa makamo, anaongea polepole. Alinipima damu na moyo, vyote vizima. Akaniuliza ninakula nini, nikampa orodha yako. Akaisoma, akaweka kalamu chini, akauliza, "Nani amekuandikia hii?" Nikasema mtu wa familia.

Alinieleza hivi. Kuna kemikali inaitwa histamini. Ubongo wenyewe huitumia kutuweka macho. Ipo pia kwenye vyakula, na huzidi kwenye vilivyochachuka, vilivyokaa na vilivyochemka muda mrefu, hata kwenye nyanya na mchicha. Watu wengi wana kimeng'enya tumboni cha kuivunja, wanakula na hawahisi kitu. Wachache wanacho kidogo. Kwao moyo hukimbia na mwili huwaka, ubongo unauliza kuna nini, na usipopata jibu unaamua kuna hatari. Nikamuuliza kama ndiyo yangu. Akasema, "Sijui. Kipimo cha kuaminika hatuna, na wapo wanaolisingizia hilo kwa kila kitu. Tutaondoa, kisha tutarudisha kimoja kimoja, na wewe utaandika." Nilimpenda kwa sababu alisema hajui.

Kwa hiyo tangu tarehe ishirini nakula vibichi na vya siku hiyo hiyo tu. Wali, mayai, kuku aliyepikwa muda huo, viazi, karoti, ndizi. Naandika kwenye daftari.

Naomba usiniandikie mpaka mtihani upite. Wala usinipigie Jumapili.

Binti yako


30 Machi

Mdogo wangu,

Daktari mmoja. Zahanati moja. Mtu anayekiri kwamba hajui, ndiye anayesikilizwa kuliko aliyesoma miaka ishirini. Ningeweza kukuletea makala kumi juu ya faida za mtindi, na zote za watu wenye akili timamu. Supu ya mifupa wanaisifu mabara yote.

Barua hii niliianza juzi, ikawa kurasa sita. Nimechana tano. Kila nilipofika mahali pa kumtaja binti nilikuta nimeandika "mgonjwa" au "mhusika". Nilifuta, nikaandika tena, likaja lile lile.

Nimeitoa orodha yangu kwenye droo, nakala niliyobaki nayo. Nimeisoma sambamba na barua yake. Chochote daktari anachokitaja kwamba kinaweza kuwaudhi watu wa aina hiyo, mimi nimekiandika chini ya neno "weka". Hata nyanya. Hata mchicha. Kama adui yake angetaka kumwangusha, asingeandika orodha bora zaidi.

Lakini hesabu bado haikubali, na wewe unajua kwamba haikubali. Aliomba kushushwa tarehe kumi na tisa Januari. Orodha yangu ilifika Februari. Nijibu jambo moja tu, na usiniletee methali. Asubuhi ile ya kwanza, kabla hajapanda, alikunywa nini?

Kaka yako


16 Aprili

Kaka,

Umeuliza neno moja na mimi nimelikalia wiki mbili. Alikunywa supu.

Nilikuwa nampa tangu siku ya kwanza alipofika kwangu. Kikombe cha bati, saa nne, mlangoni mwa jikoni, kabla ya kupanda. Nilimwambia, "Hii imewapandisha wanaume, itakupandisha na wewe." Asubuhi ile ya Januari nilimjazia mara mbili kwa sababu upepo ulikuwa wa baridi. Uliposema chakula, siku ile kwenye simu, niliiona sufuria yangu kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo maana nikasema roho haikai jikoni, nikakata. Sikuwa nabishana na wewe. Nilikuwa nalinda sufuria.

Nimeizima. Tarehe ishirini Machi, binti aliporudi kutoka zahanati. Tuliishusha watu wanne. Chini kulikuwa na tabaka nene kama lami, na kijiko changu kilichopotea mwaka juzi. Nimeisugua siku mbili. Wajenzi wamenuna; mmoja ananiita muuaji, anasema supu mpya ina ladha ya maji yaliyosikia habari ya ng'ombe. Kwa hao mia tatu supu ile haikuwa na kosa lolote, nami siwezi kuwaeleza kwamba nimeimwaga kwa ajili ya mmoja. Wanadhani nimezeeka.

Nilibakiza chupa moja kwenye barafu. Daktari alisema hatutajua bila kurudisha, na awe na mtu karibu. Wiki tatu na siku kadhaa alikuwa mzima, Jumatatu kama Jumapili. Amepanda kreni kila siku. Jumatano iliyopita nilimpa supu ya mifupa mibichi iliyochemka saa moja tu. Hakuna kilichotokea. Jumapili hii baada ya chakula cha mchana tukakaa sebuleni, mimi, yeye, saa ya ukutani na ile chupa niliyokwisha kuipasha moto.

Nikasema, "Mwanangu, si lazima."

Akasema, "Shangazi, nikipanda bila kujua, kila upepo ukivuma nitasema ndiyo ile. Nipe."

Akanywa. Nikamshika mkono nikihesabu mapigo kama daktari alivyotufundisha. Sabini na mbili. Dakika kumi, sabini na nne. Akaanza kunitania, "Unaona? Sufuria yako imesingiziwa." Dakika thelathini na tano akaacha kutania. Tisini na sita. Mia na kumi na nane. Masikio yale yale. Akafumba macho akasema, "Imekuja. Shangazi, imekuja, ni yenyewe." Nikamuuliza unaogopa nini. Akasema, "Hakuna. Ndiyo raha yake leo. Najua hakuna." Machozi yalimtoka huku anacheka. Ilipita kwa saa moja na nusu. Akaomba daftari, akaandika, akalala mpaka magharibi.

Hajaniambia neno baya. Jana asubuhi saa nne alikuja mwenyewe mlangoni, akanyoosha kile kikombe cha bati. Nikamwekea maji.

Mtihani ni wiki ijayo. Usije. Alisema usije.

Dada yako


28 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nilipanda juzi saa tatu asubuhi. Mkaguzi alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja, ubao wa kuandikia mapajani. Nilipewa mizigo mitatu: nondo, bamba la zege la tani mbili, na pipa la maji lililojaa ambalo halitakiwi kumwagika. Kwenye bamba upepo ulibadilika na mzigo ukaanza kuzunguka. Niliogopa. Nakueleza kwa sababu wewe huuliza kila Jumapili. Niliogopa upepo, nikausubiri, mzigo ukatulia, nikauweka. Ilikuwa hofu yenye sababu, na sababu ilipoisha, nayo ikaisha. Sikujua kwamba watu wengine huogopa namna hiyo. Ni kazi nyepesi.

Pipa halikumwagika hata tone. Alama ni tisini na moja. Kifupi alipiga filimbi mpaka msimamizi akamfokea.

Leseni sijapewa.

Tuliposhuka mkaguzi alifungua faili langu. Ripoti ya daktari ilikuwemo, inasema nafaa kazi, na vyakula vya kuepuka vimeandikwa. Juu yake kulikuwa na ukurasa wa gazeti uliokatwa kwa mkasi. Kuna msomaji wako aliyeutuma kwenye bodi. Mkaguzi akasema kwa upole, "Dada, mimi nimeona ulichofanya leo. Lakini hili likibaki humu na siku moja kikadondoka kitu, mimi ndiye nitakayeulizwa kwa nini sikusoma." Akanisomea sentensi moja kwa sauti. Ni ile niliyokwambia sirudii. Bodi inakutana tarehe tisa Mei, wataamua.

Kwa hiyo nakuandikia kabla ya wewe kuniandikia. Sitaki uje kugombana na mkaguzi, ni mtu mwema. Sitaki unitetee kwa kurasa sita. Usieleze mimi ni jasiri kiasi gani, hujaniona nikifanya kazi. Ulisema neno mbele ya watu, liondoe mbele ya watu hao hao. Liwe fupi.

Shangazi anasema hujawahi kuandika fupi. Nimemwambia utajaribu.

Binti yako


2 Mei

Kwa wajumbe wa bodi ya leseni za mashine za kunyanyua mizigo, na kwa wasomaji waliokata ukurasa wangu wa tarehe sita Machi na kuuhifadhi:

"Hofu ya mwanamke huyu imo ndani ya mwili wake, na mtu wa namna hiyo hawezi kuaminiwa juu ya vichwa vya wenzake mpaka chakula kimponye." Aliyeandika maneno hayo ni mimi. Si ya kweli, na nilipoyaandika sikuwa na njia ya kujua kama ni ya kweli. Sikuwa nimemwona akifanya kazi. Sikumuuliza anakula nini. Niliandika orodha ya vyakula nikiwa mbali, orodha hiyo ikamdhuru, nikatangaza kwamba imemponya.

Mwanamke huyo ni binti yangu. Hilo nalo nililificha.

Kilichotokea kweli ni kidogo kuliko nilivyokieleza. Mwili wake hauwezi kuvunja vizuri kemikali fulani iliyomo kwenye vyakula vilivyochachuka, vilivyokaa na vilivyochemka muda mrefu. Akila hivyo, moyo hukimbia na hofu huja bila sababu. Asipovila, ni mtu kama ninyi. Daktari wake alifika kwenye jibu hilo kwa kuanza na neno "sijui", ambalo kwenye safu hii halijaonekana miaka kumi na minne.

Wewe uliyeanza kunywa supu ya zamani kwa neno langu: kama inakufaa, endelea, wengi inawafaa. Kama tangu uanze umekuwa ukisikia moyo wako, acha leo, uende kwa daktari na daftari, na orodha yangu uiache nyumbani. Wewe uliyetuma ukurasa ule kwenye bodi, ulidhani unalinda maisha ya watu, na niliyekupa sababu ya kudhani hivyo ni mimi. Iandikie bodi tena, ueleze kwamba mwandishi amekana.

Nanyi wajumbe. Mezani kwenu tarehe tisa mtakuwa na karatasi tatu. Ya mtihani iliandikwa na mtu aliyekaa nyuma yake mita arobaini juu. Ya afya iliandikwa na mtu aliyempima. Ya tatu iliandikwa na mtu aliyekuwa kwenye kiti cha ofisini, katika mji mwingine, akitafuta mfano wa kuwashindia wabishi. Itoeni hiyo ya tatu kwenye faili. Ichaneni, na wekeni hii mahali pake ikiwa lazima pawe na kitu. Kisha someni mbili zilizobaki, na mpeni leseni yake.

Mkishaamua msiniandikie mimi. Jina lake liko juu ya fomu yenu. Mwandikieni yeye.

Baba yake